Kinyota cha mwisho ndicho kipimo cha mfumo

Kaunti niliyozaliwa ina nafasi katikati ya jina lake, na nafasi hiyo imewatoa jasho vijana wengi wa kompyuta. Chukua skripti ya kawaida ya kupanga rekodi. Kijana anaiambia mashine: ikiwa kaunti ni Migori, weka kwenye faili hili, ikiwa ni Homa Bay, weka kwenye lile, zilizobaki ziende kwenye faili la "nyingine". Anaandika `[ $kaunti = Migori ]`, anaandika `[ $kaunti = "Homa Bay" ]`, anajaribu kwa jina la Migori, inakubali, anafunga kompyuta na kwenda zake. Usiku skripti inapojiendesha yenyewe, Migori inapita bila shida. Homa Bay ikifika, sheli inakuta maneno mawili mahali ilipotarajia moja, inanung'unika kwamba imepewa maneno mengi mno, kisha inaendelea na kazi kana kwamba imejibiwa "hapana". Kukicha, rekodi zote za Homa Bay ziko kwenye faili la "nyingine", na manung'uniko yenyewe yameandikwa mahali ambapo hakuna anayepasoma.

Mwenye ujuzi atasema unaweka tu alama za kunukuu, `"$kaunti"`, na mambo yamekwisha. Kweli. Lakini usalama unaotegemea kumbukumbu ya mtu aliyechoka, anayewahi gari la mwisho la jioni, ni usalama wa bahati nasibu. Jambo hilohilo likiandikwa kwa kauli ya case, sheli haiikati thamani vipande. "Homa Bay" inaingia nzima na kutoka nzima, uwe umenukuu au hukunukuu.

Basi niseme langu mapema. Vijana wanaofundishwa kompyuta katika kaunti hizi mbili wafundishwe case kabla hawajazoea kurundika if juu ya if. Na wakishafundishwa, waandike tawi la mwisho kwanza, lile la kinyota, kabla ya matawi mengine yote. Huko ndiko wanakoangukia watu ambao mwandishi hakuwafikiria, na kwetu watu hao ni wengi.

Mimi ni fundi wa mifumo midogo. Naishi Rongo, pale barabara inayotoka Homa Bay kupitia Rodi Kopany inapoikuta ile ya Kisii kwenda Awendo, Migori na mpakani Isebania. Kazi yangu iko pande zote: sacco, shule, kliniki za watu binafsi, vikundi vya wavuvi kule Sindo na Mbita. Mashine nyingi ninazohudumia ni kuukuu. Zimewekwa Ubuntu kwa sababu haidai leseni, na kumbukumbu za watu zinaendeshwa kwa skripti fupifupi alizoandika kijana fulani miaka ya nyuma kabla hajapata kazi Nairobi. Skripti hizo hazina jina la mwenyewe wala maelezo. Zinafanya kazi, basi hakuna anayezigusa, mpaka siku zinapokosa kufanya.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuiona sheli: ni lile dirisha jeusi ambamo amri huandikwa kwa maneno badala ya kubonyeza picha. Kauli ya case huipa sheli neno moja na orodha ya maumbo. Neno likilingana na umbo la kwanza, fanya hili, likilingana na la pili, fanya lile, na mwisho kabisa, kinyota na mabano, `*)`, yaani yeyote aliyebaki. Manamba wa steji ya Rongo hufanya kazi iyo hiyo. Anasikia neno moja, "Homa Bay", "Kisii", "Migori", na mkono wake umeshaelekeza gari. Ila umahiri wake utaujua siku abiria anapotaja kijiji ambacho manamba hajawahi kukisikia.

Hii hapa moja ninayoitumia, baada ya kugeuza herufi zote kuwa ndogo:

```
case $kaunti in
  homa*bay|043|43)  faili=homabay.csv ;;
  migori|044|44)    faili=migori.csv ;;
  "")               faili=tupu.csv ;;
  *)                faili=kaguliwe.csv ;;
esac
```

Mstari wa kwanza wa matawi unabeba historia nzima ya makarani wetu. Wapo wanaoandika Homa Bay, wapo wa Homabay, wapo wa Homa-Bay yenye kistari. Kinyota kilicho katikati ya `homa*bay` kinawapokea wote, hata pale ambapo hapana kitu katikati. Kile kijiti kilichosimama kinasimamia "au". Nukta-mkato mbili zinafunga tawi. Tawi la alama tupu za kunukuu ni la karani aliyeruka nafasi, naye anastahili faili lake, maana kuruka si sawa na kukosea. Halafu kinyota.

Zile tarakimu si zangu. Jedwali la Kwanza la Katiba ya 2010 limeorodhesha kaunti 47, kuanzia Mombasa hadi Nairobi, na humo Homa Bay ni ya 43, Migori ya 44. Kwenye fomu nyingi huandikwa kwa tarakimu tatu, 043 na 044. Ukizipitisha kwenye Excel, sifuri ya mbele inaliwa, ndiyo maana nimeandika zote mbili, yenye sifuri na isiyo nayo. Watu wengi wanaijua shida hiyo. Shida wasiyoijua iko upande wa pili, pale sifuri inapobaki.

Sheli ikiambiwa ifanye hesabu, nambari yoyote inayoanza na sifuri huichukua kuwa imeandikwa kwa mfumo wa nane. Ni desturi ya zamani ya Unix, haina ubaya wowote mpaka ikutane na kaunti zetu. Andika `echo $((043))` uone jibu. Nne mara nane ni 32, jumlisha tatu, 35. Nambari 35 katika orodha ya Katiba ni Kericho. Migori, 044, inageuka 36, nayo ni Bomet. Yaani mtu anaweza kuandika skripti ya mistari michache ikawahamisha watu wa ziwani wote na kuwapeleka kwenye majani-chai, watu wa Migori wakafuata jirani yake, na mashine isikohoe hata kidogo. Vihiga na Bungoma, 038 na 039, ndio wenye bahati, kwa sababu tarakimu 8 na 9 hazimo katika mfumo wa nane. Hapo sheli inapiga kelele, kazi inasimama, mtu anaamka kuangalia. Kosa lenye kelele hurekebishwa siku hiyohiyo. La kwetu ni lile la kimya, linaloandikwa kwenye ripoti na kusomwa mkutanoni.

Kauli ya case haina ugonjwa huo kwa kuwa haihesabu kitu. Kwake 043 ni herufi tatu zinazofuatana, kama vile "aba" au "xyz". Nambari ya kaunti si kiasi. Hakuna mtu atakayejumlisha Homa Bay na Migori apate 87. Vivyo hivyo nambari ya simu, nambari ya kitambulisho, nambari ya mwanachama wa sacco. Vyote hivyo ni majina yaliyovaa tarakimu, na jina hulinganishwa kwa umbo lake. Nawaambia vijana wanaokuja kujifunza kwangu: kama hutakigawanya kwa mbili, usikipe hesabu.

Simu ndizo zilizonifanya niandike makala haya.

Kliniki moja upande wa Kuria, karibu na mpaka, ilikuwa na skripti ya kuwakumbusha wagonjwa siku ya kurudi kwa ujumbe mfupi. Siitaji jina, wala aliyeiandika. Sista anayeiongoza alinipigia. "Nyar Ndhiwa," akaniambia, yaani binti wa Ndhiwa, "kuna akina mama wangu wanaapa hawajapata ujumbe hata mmoja, na mashine inaniambia imetuma kila kitu. Nimwamini nani?" Nilipofungua skripti nilikuta kauli ya case, tena imepangwa vizuri, mwandishi wake alikuwa na mkono safi. Tawi la kwanza lilikuwa `07*)`, tuma. Tawi la pili lilikuwa kinyota, mabano, halafu nukta-mkato mbili. Katikati hapana kitu. Yeyote ambaye nambari yake haikuanza na 07 alipokelewa kwa heshima na kumezwa.

Tukakaa na sista kuangalia ni akina nani. Kwanza wenye nambari za 01, ambazo Kenya imekuwa ikizitoa tangu 2019. Aliyeandika skripti alikuwa na laini ya zamani, hakukumbuka kwamba mdogo wake ana 0110. Pili wale ambao Excel iliwalia sifuri, nambari zao zikaanza na 7. Tatu wenye 254 mbele. Nne kioja: nambari ya tarakimu kumi na mbili Excel ikaiona ndefu mno, ikaifupisha kuwa 2.54712E+11, na karani akahifadhi hivyohivyo. Tarakimu za nyuma zimepotea, haziwezi kurudi. Tano akina mama wanaovuka kutoka Sirari, upande wa Tanzania, wenye 255. Wakuria wako pande zote mbili za mpaka ule, na mtu huenda kliniki iliyo karibu na nyumba yake, serikali yoyote iwayo. Na mwishoni walikuwepo wasio na simu kabisa, ambao karani aliandika kwenye nafasi ya nambari: "ya jirani", "hana", "aambiwe na dada yake".

Nikampigia aliyeandika. Ni kijana mwenye adabu, ananiita Anti.

"Anti, hao si ni wachache tu?"

"Wachache wangapi?"

Akanyamaza. Hakuwa na namna ya kujua. Tawi lake la mwisho halikuhesabu, halikuandika, halikumwambia mtu. Ningekuwa mwanasiasa ningesema amewapuuza wananchi, lakini si hivyo, ni kijana mwema aliyefundishwa kwamba kinyota huwekwa ili sheli isilalamike. Mwalimu wake alimpa alama zote.

Tuliandika upya. `07[0-9]…` na `01[0-9]…` kwa tarakimu kamili, kwa sababu `07*` peke yake ingepokea hata "07 sijui". Zilizoliwa sifuri zikarudishiwa sifuri. Za 255 zikapata tawi lao na gharama yake, maana ujumbe wa kuvuka mpaka una bei nyingine na mwenye kliniki alitaka kujua. Umbo `*E+*` likatengewa faili la kurudishwa kwa karani. Na kinyota kikapewa kazi: kuandika jina na kile kilichoandikwa kwenye nafasi ya simu katika faili la kukaguliwa. Kila Ijumaa sista analichapisha. Wale wa "ya jirani" na "aambiwe na dada yake" anawapa wahudumu wa afya ya jamii, hawa wanaotembea nyumba kwa nyumba, wafike kwa miguu. Hapo kompyuta imekubali kwamba kuna kazi isiyo yake, ikaikabidhi kwa anayeiweza. Kwa maoni yangu hakuna ubora wa programu unaozidi huo.

Msomaji wa Mombasa au Nakuru ataona ni jambo dogo. Homa Bay ni miongoni mwa kaunti zenye kiwango cha juu kabisa cha VVU nchini, na Migori haiko mbali nayo. Dawa za VVU humezwa kila siku na tarehe ya kurudi ni tarehe kweli. Ujumbe usiofika unaweza kuwa chupa ya dawa iliyokwisha bila mwenyewe kukumbuka.

Na mpangilio una uzito wake. Case huchukua tawi la kwanza linalolingana na kuacha mengine. Ukitanguliza `+25*)` ukidhani umeikamata Kenya, umewakamata pia Tanzania, +255, na Uganda, +256, na tawi la `+255*)` ulilolipanga vizuri chini yake halitasikia sauti ya mtu maisha yake yote. Lililo finyu liwe juu, pana liwe chini, na kinyota, hata kama umekiandika kwanza, kikae mwisho. Kinyota kikitangulia, hakuna kitakachokipita.

Serikali yenyewe iliwahi kutupa somo la tawi lililosahauliwa, na sijui kama ilijua. Katika sensa ya Agosti 2019 swali la jinsia kwenye fomu liliongezewa chaguo la tatu, la watu wenye jinsia mbili. Wakahesabiwa watu 1,524 kati ya 47,564,296. Watu wale hawakuzaliwa mwaka huo. Katika hesabu zilizotangulia walikuwa wamesukumwa kwenye tawi moja au jingine, au wameachwa, na jumla ilionekana imekaa sawa. Mfumo wenye matawi mawili ulikuwa haukosei hesabu, ulikuwa unakosea watu. Siandiki haya kutetea takwimu. Naandika kwa sababu kila fomu inayoandikwa katika ofisi ya kaunti ina swali hilohilo: je, asiyefaa kwenye machaguo yangu ataonekana wapi?

Tena kuna majina yetu. Nyong'o, Ong'ang'o, Nyang'aya: kila moja lina king'ong'o kinachoandikwa kwa kitone cha juu, na kitone hicho ndicho alama ya kunukuu ya sheli. Pitisha orodha ya majina hayo kwenye amri ya `xargs` bila tahadhari uone inavyokata tamaa katikati, ikilalamikia nukuu isiyofungwa. Simu za kisasa zimeongeza yao: zinageuza kitone kilichonyooka kuwa kilichopinda, hivyo Nyong'o aliyeandikwa kwa kompyuta na aliyeandikwa kwa simu ni watu wawili mbele ya mashine. Tawi moja la case lenye maumbo yote mawili linamaliza ugomvi. Ila lazima aliyeandika awe amewahi kufikiria kwamba kuna watu wanaitwa hivyo. Programu iliyotoka ng'ambo haiwafikirii. Ya kijana wa Oyugis haina kisingizio.

Historia yenyewe nitaipitia haraka, maana haibadilishi hoja. Kauli hii ilikuja na sheli ya Stephen Bourne wa Bell Labs, iliyotoka na Unix toleo la saba mwaka 1979. Bourne alikuwa ameshughulika na lugha ya ALGOL 68, na kutoka huko akaleta desturi ya kufunga kauli kwa neno lake lililogeuzwa, ndiyo maana case inafungwa kwa esac na if kwa fi. Bash, sheli tunayoitumia wengi, aliitoa Brian Fox mwaka 1989. Toleo lake la nne liliongeza `;&`, inayoruhusu kazi kutiririka hadi tawi linalofuata. Mimi siitumii. Kwenye Ubuntu, skripti inayoanza na `#!/bin/sh` huendeshwa na sheli nyingine, dash, imekuwa hivyo tangu 2006, na dash haiijui alama hiyo. Skripti iliyofanya kazi mezani kwako itakufa kwenye seva ya mteja. Andika ile ya 1979, inaeleweka kila mahali.

Kuna watakaoniuliza kwa nini tuhangaike na sheli wakati kuna Python. Python ni nzuri, naitumia. Lakini ilikaa miaka thelathini bila kauli ya namna hii, ikapata match mwaka 2021 tu, katika toleo la 3.10, na nusu ya mashine zangu zina toleo la zamani kuliko hilo. Sheli haihitaji kusakinishwa. Stima ikipotea Ndhiwa na kurudi, sheli iko palepale, na kazi ya saa nane usiku itaendelea.

Wengine wanasema siku hizi akili unde huandika skripti nzima kwa dakika. Nimeona kazi yake. Inaandika case iliyonyooka kuliko yangu, na kinyota haisahau. Ndani ya kinyota inaweka sentensi ya kumwambia mtumiaji kwamba chaguo si sahihi, kisha inatoka. Lakini haijawahi kukaa benchi moja na mama wa Sirari. Haijui kuna karani anayeandika "ya jirani" kwenye nafasi ya nambari. Mambo hayo lazima ayajue anayeiagiza, la sivyo atapata kosa lilelile la kijana wangu, safari hii kwa Kiingereza kizuri.

Hiyo sentensi ya "chaguo si sahihi" ndiyo inayonikera kuliko zote. Tunaishi kwa menyu za simu. Salio tunaangalia kwa *144#, na tangu bima ya afya ya SHA ichukue nafasi ya NHIF Oktoba 2024, watu hujisajili kwa *147#. Kwa mzee wa Karungu aliyebonyeza kitu ambacho mwandishi hakukitarajia, "si sahihi" ni hukumu bila kesi. Skripti za zamani za Linux, zile za kuwasha na kuzima huduma, zilikuwa na adabu zaidi. Ukiandika neno lisilojulikana, kinyota chake kilikuorodheshea yanayokubalika: start, stop, restart, status. Ilikuwa mistari miwili tu, na mtu aliondoka akijua la kufanya.

Nisije nikaonekana nauza dawa ya kila ugonjwa. Case haijui kubwa na ndogo. Mkopo unaozidi kiwango fulani, umri wa chini ya miaka mitano, samaki aliye mfupi kuliko kipimo kinachoruhusiwa, vyote hivyo ni vya if, na anayelazimisha case humo anajitafutia taabu. Maumbo yake pia si yale maumbo mazito ya grep, amri ya kutafuta maandishi. Kinyota cha case kina maana ya "chochote", basi. Kwa kazi ya kumtambua mtu kwa jinsi alivyojiandika, hiyo inatosha, na udogo wake ndio unaomfanya hata karani aweze kuisoma. Sista yule sasa anasoma ile skripti mwenyewe. Hajui kompyuta. Anaona maumbo ya simu upande wa kushoto, kinachofanyika upande wa kulia, na mwezi uliopita ndiye aliyenionyesha kwamba nambari za Uganda hatujazitengea tawi. If saba zilizobebana asingezisoma, hata mimi zinanichosha.

Kwa walimu wa vyuo vyetu, kuanzia Homa Bay hadi Kehancha, nina ombi moja. Acheni kufundisha case kwa menyu ya moja, mbili, tatu na "invalid choice". Mpeni mwanafunzi orodha halisi ya simu zilizoandikwa na makarani watano tofauti, majina yake yamefichwa, mwambieni asipoteze hata mstari mmoja. Alama zitolewe kwa yaliyomo ndani ya kinyota.

Na wewe unayetia sahihi, mwenyekiti wa sacco, mkuu wa shule, afisa wa kaunti: siku fundi anapokuja kukukabidhi mfumo, usiridhike na rangi za ukurasa wa kwanza. Mwambie akuonyeshe tawi la mwisho na faili linalojazwa nalo. Mwulize nani atalisoma, na siku gani. Akikwambia mfumo wake hauna faili la namna hiyo kwa kuwa haukosei, usimlipe bado.